Gitaa la nyuzi saba: uzi wa B ukigeuka rojo, usikimbilie kubadili pikapu

NyuziSaba

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi kila mara: "Nimepata gitaa la nyuzi saba, nyuzi sita ziko safi, ila ule uzi mnene wa B unanguruma tu, noti haisikiki. Niweke pikapu gani?" Pikapu ni kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi, kinachogeuza mtikisiko wake kuwa umeme wa kwenda kwenye ampu. Majibu nayo huwa yale yale, majina ya watengenezaji wake. Mmoja atasema ng'oa za kiwandani weka EMG, mwingine atasema Bare Knuckle, wa tatu atasema DiMarzio. Mimi nimewahi kujibu hivyo mara nyingi, na ninaona nina deni la kurekebisha, kwa sababu nilikaa karibu mwaka mzima nikilaumu pikapu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Nilikuwa na gitaa la Schecter Hellraiser C-7, lile la zamani lenye EMG 707, pikapu za betri, mbele na nyuma. Nilitaka sauti yenye kukwaruza zaidi sehemu ya kati, nikanunua Nazgul ya Seymour Duncan, isiyo na betri, kwa upande wa daraja (pale nyuzi zinapoishia mwilini) na Sentient kwa upande wa shingo, zile zilizo kwenye gamba kubwa linaloingia pale pale zilipokaa za betri. Nikampelekea fundi, akazifunga, nikarudi nyumbani nikachomeka. Sauti ikatoka imefunikwa blanketi. B ilikuwa mbaya kuliko awali. Nilibadili nyuzi, nikabadili kebo, nikagusa kila kitufe cha ampu. Nikaanza kuwaambia watu kwamba Nazgul ni pikapu ya kupewa sifa za bure.

Siku moja nikafungua kifuniko cha nyuma kwa sababu nyingine kabisa, tochi mdomoni. Nikaona mgongoni mwa potenshometa, vile vidude vya kuzungushia volyumu na toni, zimeandikwa 25K, yaani kiloomu 25. Zote. Fundi alitoa pikapu za betri, akaacha potenshometa zake. EMG zinataka 25K kwa sababu ndani yake kuna kikuza sauti kidogo kinachoweza kusukuma mzigo huo bila kuchoka. Pikapu ya kawaida, isiyo na betri, inataka 500K. Ukiipa 25K unainyonya damu: juu panakatika, kunabaki mngurumo. Nikalehemu mbili mpya za 500K siku hiyo hiyo. Nilipopiga B ya wazi, nilisikia plektra ikiugusa uzi kabla ya noti yenyewe kufika. Kwa mwaka mzima sikuwahi kuisikia ile.

Kwa hiyo kabla hatujaanza kushindanisha majina, naomba tuelewe kwanza uzi wa B unatudai nini.

B ya nyuzi saba iko 61.7 Hz. E mnene ya gitaa la kawaida iko 82.4 Hz. Spika ya Celestion Vintage 30, ambayo iko kwenye makabati mengi ya gitaa, mlio wake wa asili uko 75 Hz, na chini ya hapo nguvu yake inashuka. Maana yake ile noti ya chini kabisa spika haitoi vizuri hata ukiilazimisha. Unachokisikia kama B ni wenzake wa juu, 123, 185, 247 na kuendelea, na sikio lenyewe linajaza msingi. Pikapu nzuri ya nyuzi saba ni ile inayowatoa hao wa juu wakiwa wazi na kwa mpangilio. Inayosukuma besi nyingi inakupa kitu ambacho spika haiwezi kukimeza.

Halafu kuna distoshani, ule mkwaruzo wa ampu iliyosukumwa. Piga B pamoja na F♯ ya juu yake, ule mpigo wa noti mbili tunaoutumia wote. Moja ni 61.7, nyingine 92.5. Distoshani inazigonganisha na kuzaa tofauti yao, kama 31 Hz, oktava nzima chini ya B. Hiyo ndiyo rojo yenyewe. Hakuna pikapu itakayoiondoa peke yake. Ni lazima upunguze besi KABLA ya kufika kwenye distoshani. Ndiyo sababu watu wa chuma kizito (heavy metal) huweka pedali ya Tube Screamer mbele ya ampu ikiwa na draivu (kitufe cha kuongeza mkwaruzo) sifuri na volyumu juu. Hawaitafuti kwa ajili ya kukwaruza. Saketi yake inaanza kupunguza kila kilicho chini ya takriban 720 Hz kabla ya kukuza, basi B inaingia kwenye ampu ikiwa imeshakondeshwa.

Sasa linganisho lenyewe. Nimepiga kitu kimoja kwa yote: B ya wazi nikiibana kwa kiganja, kisha noti mbili, kisha kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) ya noti nne bila kubana, ampu ile ile, kebo ile ile, nyuzi mpya 10 hadi 59 (unene kwa elfu za inchi).

EMG 707, kwenye Schecter, kabla sijazitoa. Mpigo unatoka sawa kila mara. Ukipiga kwa nguvu au kwa upole, haibadiliki sana, na kelele ya umeme haipo kabisa. B imebana. Ila kodi ya noti nne inasikika kama imebanwa kwenye chupa, noti zinagusana mabega. Kwa mwanamuziki wa riff (vipande vifupi vinavyojirudia) za haraka ni pikapu tulivu mno. Mimi nilichoka na kutokubadilika kwake, lakini hilo ni suala la ladha.

Nazgul, baada ya 500K. Sumaku ya seramiki. Inakwaruza sehemu ya kati, ina hasira, na chini imebana kuliko nilivyotarajia. Kwa sauti safi isiyo na distoshani ni kavu na kali kidogo, haikubembelezi. Sentient kwa shingo ni kinyume chake, laini na wazi, na nadhani ndiyo inayostahili sifa zaidi kwenye jozi ile.

DiMarzio Crunch Lab, nimeiweka kwenye Ibanez RG7321. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya mpiga gitaa John Petrucci. Koili moja ina chuma kimoja kirefu badala ya vichwa saba vya skrubu. Chuma kile kinasaidia unapovuta uzi pembeni, sauti haipungui uzi unapotoka juu ya kichwa chake. B yake si nene kama ya Nazgul, ni ndefu na inasomeka. Nikipiga noti nne nazisikia zote nne. Kwa masikio yangu hii ndiyo iliyonipa kodi nzuri kuliko zote.

Fluence Modern ya Fishman, kwenye gitaa la rafiki yangu lenye freti zilizopepea (zilizoinama kama kipepeo cha mkono), uzi ukiwa na urefu wa inchi 27 upande wa B na 25.5 upande wa E ndogo. Fishman hawazungushi waya kwenye bobini. Koili yao imechapishwa kwenye tabaka za bodi, kama bodi za kompyuta. Ina sauti mbili unazobadilisha kwa kuvuta kitufe, moja ya kubana kama pikapu za betri, nyingine inayopumua kama za kawaida. Ndiyo iliyobana B kuliko zote. Lakini hapa lazima niseme ukweli: sijui ni kiasi gani cha hiyo sifa ni cha pikapu na kiasi gani ni cha zile inchi 27, na anayekuambia anajua bila kuzitenganisha anakudanganya.

---

KiganjaKizito

Mkuu nakuheshimu ila kwa EMG umewaonea. Umesema ni tulivu kama vile ni kosa. Mimi napiga jukwaani, taa zinazunguka, jenereta nje, nyaya za watu wengine zimepita miguuni. Pikapu za kawaida zinaimba bzzz hadi kati ya nyimbo. 707 kimya. Na ile ya mpigo kutoka sawa ndiyo ninayoilipia. Kwenye bendi kuna besi, ngoma na mtu wa pili wa gitaa. Sihitaji kodi yangu ipumue, nahitaji ikae mahali pake.

Pia betri ya volti 9 inakaa muda mrefu sana ukichomoa kebo ukimaliza. Wengi hawajui kwamba kebo ikiwa ndani ya gitaa ndiyo inayowasha saketi.

---

NyuziSaba

@KiganjaKizito hapo umenishika, kaka. Nilipima nikiwa chumbani peke yangu na umepima mbele ya ngoma. Kwa jukwaa lenye umeme mchafu nakubaliana nawe bila ubishi. Niongeze tu kwa wenye Fluence: inakula betri haraka kuliko EMG, kwa hiyo ile tabia ya kuacha kebo ndani itawaumiza mapema zaidi.

---

MwanafunziWaGita

Shikamoo wakubwa. Mimi natafuta la kwanza la nyuzi saba. Nimeona urefu wa uzi kutoka nati hadi daraja uko wa inchi 25.5, 26.5 na 27. Natoka kwenye gitaa la kawaida. Je, tofauti ya inchi moja na nusu inaweza kuwa kubwa kiasi hicho, au ni maneno ya matangazo? Na kwa nini magitaa mengi ya zamani yote ni 25.5?

---

NyuziSaba

Marahaba. Si matangazo. Uzi ule ule, noti ile ile, mkazo wake unapanda kwa mraba wa urefu. Kutoka 25.5 kwenda 26.5 unaongeza kama asilimia 8. Kwenda 27 unaongeza kama asilimia 12. Kwa uzi wa B wa 56 ukiwa B ya kawaida, kwa 25.5 una mkazo wa ratili 15 hivi, na kwa 27 unakaribia 17. Ni kama umeweka uzi mnene zaidi bila kuunenepesha. Na hilo ni muhimu kwa sababu uzi mnene una ubaya wake: unakuwa mgumu kama fimbo, wenzake wa juu wanapotoka kidogo kwenye tyuni, na sauti inapata kitu kama kengele iliyopasuka.

Ila urefu nao una gharama. E ndogo kwa inchi 27 inakuwa ngumu kuvuta, na freti za mwanzo zinakuwa mbali kwa vidole vifupi. Ukishuka hadi A au chini yake, chukua 26.5 au zaidi. Ukibaki B, 25.5 inatosha kabisa ukiweka 59 au 60 badala ya 56 linalokuja nalo.

Mambo ya historia nawaachia wanaoyajua vizuri.

---

MzeeWaJazi

Basi niseme mimi kidogo, maana vijana hudhani nyuzi saba zilizaliwa na chuma kizito.

Mpiga gitaa wa jazi George Van Eps alitengenezewa na Epiphone gitaa la nyuzi saba mwishoni mwa miaka ya 1930. Uzi wake wa saba ulikuwa A ya chini, si B, ili apige besi na kodi na melodia mtu mmoja. Mpiga gitaa mwingine, Lenny Breau, baadaye alikwenda njia nyingine kabisa, akaweka uzi wa saba juu, A nyembamba. Brazil wana gitaa lao la nyuzi saba kwenye muziki wao wa choro, uzi wa chini C mara nyingi. Na Warusi wana la kwao lenye tyuni ya G ya wazi.

La umeme la kiwandani tunalolijua leo ni Ibanez Universe ya mwaka 1990, iliyotengenezwa pamoja na mpiga gitaa Steve Vai, ikiwa na pikapu za DiMarzio Blaze. Lilirithi urefu wa inchi 25.5 kutoka kwenye magitaa ya familia yake ya nyuzi sita, na walioiga walibaki hapo hapo. Ni bendi ya Korn, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1994, walioshusha nyuzi zote toni nzima, uzi wa saba ukawa A. Hapo ndipo inchi 25.5 zilipoanza kulalamika.

Sasa nimuulize mwanzisha mada: mimi napiga sauti safi tu. Hayo ya seramiki na kubana hayanihusu. Unanishauri nini?

---

NyuziSaba

Shikamoo mzee, na asante sana kwa hilo somo.

Kwako mambo ni tofauti karibu kabisa. Distoshani haipo, basi ile rojo ya 31 Hz haipo. Tatizo lako litakuwa upande wa shingo: hapo uzi wa B unacheza kwa upana mkubwa, na sumaku inaupata kwa nguvu, kwa hiyo B inameza nyuzi nyingine kila ukipiga kodi. Tafuta sumaku za alniko, zenye nguvu ndogo, Sentient ni mfano mzuri. Kisha inamisha pikapu, upande wa B uwe chini zaidi kuliko upande wa E. Usiogope kuishusha sana. Kipimo cha kuanzia: bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi hadi kwenye pikapu. Kwa daraja anza na milimita 2.5 upande wa B na 2 upande wa pili. Kwa shingo shuka zaidi, hata 3.5 kwa B.

Na hili liwahusu wote. Sumaku ikiwa karibu mno na uzi mnene inauvuta. Noti inayumba, inasikika kama kuna noti mbili zinazogombana, na watu hudhani gitaa halishiki tyuni. Nimeona mtu akihangaika na daraja wiki mbili, tukashusha pikapu ya shingo mizunguko mitatu ya bisibisi, ugonjwa ukaisha. Fanya hivi: nusu mzunguko, piga, sikiliza, nusu mzunguko tena. Utafika mahali besi inaachia na yale ya juu yanajitokeza kama mtu aliyefungua dirisha. Simama hapo.

---

Mlehemu

Mimi ni fundi, na ile ya 25K naiona kila mwezi. Pia kinyume chake: mtu anaweka EMG akaacha 500K, halafu analalamika kwamba volyumu haishuki taratibu, ni kama swichi, ipo au haipo.

Kwa wanaotaka kuagiza, PIMENI SHIMO KWANZA. Pikapu za nyuzi saba hazina umbo moja. EMG 707 ni kipande kirefu cha mstatili kama pikapu ya besi, na pikapu ya kawaida ya nyuzi saba ni fupi zaidi na ina masikio ya skrubu. RG7321 ina mashimo ya kawaida, 707 haiingii bila kuchonga mbao. Ukishachonga hurudi nyuma. Upande mwingine ni rahisi zaidi kwa sababu Seymour Duncan na wengine wana pikapu za kawaida ndani ya gamba kubwa, kama alivyofanya mwanzisha mada.

Na msilete za Bare Knuckle mkisema "nataka Juggernaut kwa sababu mpiga gitaa Misha Mansoor anaipiga". Juggernaut ina sehemu ya kati iliyojaa, ni nzuri kwa kodi na kwa distoshani ya wastani. Mnaopiga haraka na kubana kwa kiganja kila mpigo, Aftermath, ya Bare Knuckle pia, ndiyo yenu. Nimefunga zote mbili kwenye gitaa moja kwa mteja mmoja, alirudisha Juggernaut ndani ya siku nne. Si kwamba ni mbaya. Hakuwa mtu wake.

---

KiganjaKizito

@Mlehemu hapo kwenye Aftermath nakuunga mkono. Ndiyo pikapu pekee isiyo na betri iliyonifanya nifikirie mara mbili.

---

MwanafunziWaGita

Nimepata RG7321 iliyotumika. Pikapu ni zile za kiwandani, na kweli B ni rojo kama mnavyosema. Kabla sijanunua chochote nimefuata mlivyoelekeza: nimeweka uzi wa 60, nimeshusha pikapu, nimeweka pedali mbele ya ampu draivu sifuri. Imebadilika sana. Lakini bado nikipiga haraka B ya wazi inachelewa, kama inafika baada ya mkono. Hiyo sasa ni pikapu?

---

NyuziSaba

Sasa ndiyo, nadhani. Lakini jibu maswali mawili kwanza. Umefungua nyuma ukaona potenshometa zimeandikwa ngapi? Na kebo yako ina urefu gani? Kebo ndefu inakula sauti ya juu kwa pikapu zisizo na betri. Mita kumi si sawa na mita tatu.

Kama ni 500K na kebo ni fupi, basi ni pikapu. Anza na ya daraja tu, ya shingo iache. Kwa unavyoeleza, kubana na kasi, ningekwenda Aftermath au Nazgul. Ukiona unapenda kodi kuliko riff, Crunch Lab.

---

MwanafunziWaGita

Nimefungua. Moja ni 500K, ile ya volyumu. Ya toni imeandikwa 250K na solda yake ni mpya, inang'aa kuliko nyingine. Kebo ni mita sita.

---

Mlehemu

Kuna mtu alikutangulia humo. Hiyo ya toni badilisha iwe 500K, au kama hutumii toni, fungua waya wake tu mmoja unaotoka kwenye volyumu, usiukate, ufunge kwa utepe. Piga kwanza hivyo kabla hujaagiza pikapu.

---

MwanafunziWaGita

Nimefungua ule waya. Bado si kama nyuzi nyingine, ila sasa B inafika pamoja na mkono. Pikapu nitaagiza mwezi ujao, ya daraja. Kwa sasa nimekaa napiga tu.